Sanduku la Barua kwenye Kizimba cha Chui

Juzi nilikuwa natafuta bawaba ya mlango kwa wale wanaotandaza vyuma vikuukuu kando ya barabara, upande wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Katikati ya misumeno iliyokwisha meno na vitasa visivyo na funguo nikaona sanduku la barua. La bati, rangi ya kijani imebanduka, na ule mdomo wa kutumbukizia bahasha umepinda kama wa mtu aliyenuna. Kijana aliyekuwa anauza hakujua ni la nini. Aliniambia linafaa kwa sadaka za kanisani. Nilitaka kucheka, lakini nilijikuta nimeshika ukingo wa meza yake. Akaniletea maji akidhani ni jua. Niliondoka bila bawaba, na njia nzima nilikuwa mtoto wa miaka tisa.

Nyinyi wa rika langu mnayakumbuka masanduku yale. Kila lupango la mtaa wetu, maana hivyo ndivyo tunavyouita ua wa nyumba, lilikuwa na lake kwenye geti, lililowekwa na Wazungu walioondoka zamani, na kila moja lilikuwa tupu. Posta ilikuwa imekufa kabla sijajua kusoma. Kwa jirani wa kulia kuku alitagia humo; kwa jirani wa kushoto waliwekea sabuni. La kwetu Baba aliliheshimu. Alilipaka rangi, akalitundika kwenye msumari ili aweze kulitungua na kulisafisha, na alisema siku nchi itakapopona barua zitakuja na zisikose pa kulala. Mimi nilimwamini, kwa hiyo kila asubuhi nilichungulia.

Baba alikuwa makanika wa malori yaliyoleta samaki kutoka Kasenga. Alinuka dizeli na samaki mkavu, na mpaka leo mtu akipita na harufu hizo mbili pamoja ninageuka. Zamani hendeli ya kuwashia lori ilimrudia usoni ikamng'oa jino la mbele, la juu. Basi kila alichokiuma, pera, muhogo, hata mkate, kilibaki na kilima kidogo katikati ya alama za meno. Nilikuwa namchokoza kwa hilo. Nikikuta pera limeachwa mezani nalichunguza, nasema hapa Baba amepita, naye anajifanya amekasirika na kunifukuza kuzunguka nyumba.

Rafiki yake alikuwa Ba Mwewa. Ba Mwewa alipuliza tromboni katika bendi ya kiwanda, enzi kiwanda kilipokuwa na bendi. Kiwanda kiliacha kulipa watu, bendi ikanyamaza, lakini mdomo wa Ba Mwewa haukunyamaza. Alikuwa mrefu, na mashavu yake ya mpulizaji yalikuwa yamelegea kwa kukosa kazi. Kila alipoingia kwetu alianza na matusi. Alimwita Baba mbuzi, Baba akamwita chui kibogoyo. Nakumbuka siku aliyokuwa amekaa mezani kwetu, anakula bukari yetu, yaani ugali, na samaki wetu, kisha akamtazama Baba na kusema, "Weye mbuzi, nenepa mbio. Nitakukula na chumvi."

Baba ni wa ukoo wa Mbuzi na Ba Mwewa alikuwa wa ukoo wa Chui, na kwa watu wetu wa upande wa Luapula koo hizo mbili ni banungwe. Kwingine mngesema ni watani. Munungwe wako ana ruhusa ya kukutukana mchana kweupe, ana ruhusa ya kuchukua kitu chako akaenda nacho, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika unalipa faini. Na ukifa, yeye ndiye anayefika kwanza kwenye kilio. Nilishaona kwa macho yangu huko Kasenga, tulipomzika babu. Banungwe walikuja wakavaa koti lake, wakaiga mwendo wake wa kuchechemea, mmoja akalala ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Kisha wakazunguka nyumba wakichukua hiki na kile: jembe, kofia, kiti chake cha kamba. Nililia kwa hasira. Shangazi akanieleza kwamba ndivyo munungwe anavyoaga, lakini mimi nilichoshika kichwani ni jambo moja tu, kwamba mtu akifa banungwe wanakuja kuchukua vitu.

Mama hakuzoea haya yote. Yeye alitoka Butembo, Kivu ya Kaskazini, akafika Lubumbashi pamoja na kaka zake waliokuwa wanauza bidhaa kwa jumla, na kwao mgeni anapokelewa kwa mikono miwili na maneno laini. Alimwita Ba Mwewa "Monsieur". Alimpa kiti, alimpa chakula, na akishaondoka alimuuliza Baba kwa nini anakubali kutukanwa nyumbani kwake mbele ya Masika. Masika ni mimi. Baba alicheka tu. Mama aliamini chini ya maneno yale kuna kitu kimelala. Siku za kazi mimi nilikuwa upande wa Mama, na Jumapili nilihama.

Nilihama kwa sababu ya mchezo. Jumapili tukitoka kanisani tulikuta sanduku la barua halipo kwenye geti. Ba Mwewa ameshaliiba na kwenda kulificha kwenye bustani ya jiji, ile yenye vizimba vya wanyama. Pale kwenye msumari aliacha kitu, na kitu hicho kilituonyesha pa kuanzia. Tukifika hapo tunakuta kingine, hivyo hivyo mpaka tulione sanduku. Kila alama ilikuwa tusi kwa mbuzi. Siku nyingine ilikuwa kinyesi cha mbuzi kimepangwa vizuri juu ya jani, kama karanga za mgeni. Tukilipata kabla jua halijazama, Ba Mwewa anatuletea munkoyo, kile kinywaji cha mahindi; tukishindwa, Baba ndiye analeta. Baba alikuwa mzito wa kuzielewa alama, au alijifanya. Mimi ndiye niliyezisoma, na Ba Mwewa alilalamika kila mara kwamba mbuzi ameazima pua.

Fikirieni: wanaume wazima wawili, hawana mshahara, wanafichana sanduku la bati. Wakati ule niliona ni kawaida. Leo naona kwamba ule mchezo ndio uliowazuia wasikae ukutani siku nzima kama wenzao, wakitazama bomba la kiwanda lisilotoa moshi.

Halafu vita ikaja. Ilikuja kwanza kwenye redio, kisha kwenye bei ya chumvi, kisha ikaja yenyewe, na wanajeshi wa serikali waliokuwa wanarudi nyuma, wamechoka, wana njaa, wanataka chochote chenye magurudumu. Walivunja maduka. Wajomba zangu walifunga ghala lao, na mmoja alipigwa barabarani kwa sababu ya lafudhi yake ya Kivu, maana watu walisema vita imetoka huko. Tangu siku hiyo Mama hakuvuka geti. Wanajeshi walikuwa wanachukua madereva na makanika, wanawapandisha kwenye magari yaliyojaa vitanda na friji za watu, wanaondoka nao. Hatukuona hata mmoja akirudi. Makanika wa mtaa wa pili alichukuliwa akiwa bado ameshika spana, na mkewe aliendelea kumwekea chakula chake mezani.

Na sisi mbele ya nyumba yetu palisimama lori bovu la samaki, kubwa, linaonekana tangu mwanzo wa barabara. Asubuhi moja Baba alitoka kutafuta makala, yaani makaa ya kupikia, hakurudi. Mchana wanajeshi wakaja. Waliliona lori, wakamuulizia fundi wake, na walipomkosa wakamwacha kaporali mmoja amsubiri.

Kaporali alikaa kwenye kiti cha Baba karibu na geti, bunduki mapajani. Hakutupiga, lazima niseme ukweli. Alikuwa na uso wa mviringo na kikohozi kisichokwisha, anaongea Lingala, na kila Mama alipopita alimuuliza lile lile: "Mobali na yo azali wapi?" Mama akajibu kwamba hajui mume wake yuko wapi, na kweli hakujua. Kila aliyeingia na kutoka alipekuliwa, hata mfukoni mwa gauni langu. Majirani wakakata mguu. Mama aliacha kula. Aliniwekea bukari, akanitazama nikila, na nilipomaliza alikuwa bado anatazama sahani.

Aliyethubutu kuja alikuwa Ba Mwewa. Aliingia akipunga mikono, akamsalimia kaporali kwa Kilingala chake kibovu, akamgawia tumbaku. Mama alimkimbilia, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akamshika mkono na kumuuliza kama amemwona mume wake. Ba Mwewa akautoa mkono wake kwenye mikono ya Mama.

"Ile mbuzi yenu nilisha kuichinja," alisema, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Musiangaike kuitafuta."

Kaporali akataka kujua amesema nini. Ba Mwewa akamweleza kwamba yule fundi ni adui wa ukoo wake tangu zamani, na siku akifa yeye atapiga tromboni barabarani. Wakacheka wote wawili. Mama alirudi ndani akijishikilia ukutani, na mimi nilimchukia mtu yule kwa chuki ambayo sijawahi kumchukia nayo mtu mwingine.

Kesho yake alirudi. Safari hii hakumtazama Mama wala mimi. Alilitungua sanduku la barua kutoka kwenye msumari, akamwambia kaporali kwamba anachukua urithi wake, kaporali akampungia mkono aende zake. Mahali pa sanduku akaning'iniza kipande cha kamba iliyokatwa.

Mama aliona wizi. Mimi niliona kilio. Niliona Kasenga, jembe la babu linaondoka begani kwa mtu, kofia ya babu iko kwenye kichwa cha mwingine. Munungwe ameanza kuchukua vitu, basi Baba amekufa, na yawezekana kweli ni yeye aliyemchinja. Mama hakuijua desturi hiyo, na mimi sikumwambia. Nilifikiri nikinyamaza, yeye atabaki na mume kwa siku moja zaidi. Niliteka maji, niliosha masufuria, nilijibu nilipoitwa. Sijui kama kuna mzigo mwingine niliowahi kuubeba mzito namna ile, na nimezika watu.

Asubuhi iliyofuata niliamka na neno moja: sanduku. Baba siwezi kumrudisha, nilijiambia, lakini sanduku alilolipaka rangi kwa mikono yake, yule chui hatalala nalo. Niliitoa ile kamba msumarini ili Mama asiendelee kuiona, nikamwambia kaporali naenda kuchuma mboga. Akapekua kikapu changu kitupu, akaniachia njia.

Mvua zilikuwa zinakaribia kwisha, na katika bustani majani yalinifika kifuani kwa sababu hakuna aliyekuwa anakata. Wanyama wengi walikuwa wamekufa kwa njaa, wengine inasemekana waliliwa, lakini harufu yao ilikuwa haijaondoka. Sikuwa na mpango wowote. Nilisimama pale nimeshika kamba, na miguu ikaenda yenyewe kwenye bembea, kwa sababu kwa Ba Mwewa kamba iliyokatwa haikuwahi kuwa na maana nyingine. Kulikuwa na bembea iliyokatika upande mmoja, ubao wake unagusa chini. Chini ya ubao nikakuta jani la mgomba limekunjwa, na ndani yake chumvi.

Hasira ikanipanda upya. Chumvi ilikuwa haipatikani, na yeye anaichezea huku baba yangu amekufa. Niliilamba hata hivyo, yote, mpaka jani likabaki safi. Kisha nikaenda kwa swala, maana alama ya chumvi tulishakutana nayo Jumapili moja: kwenye ua wa swala kulikuwa na jiwe walilowekewa chumvi walambe, na walililamba miaka mingi hadi likawa na shimo. Swala hawakuwepo. Jiwe lilikuwepo, na juu yake mtu alikuwa amechora kwa majivu unyayo wa chui, vidole vimeelekea kulia. Kulia kwake kulikuwa na kizimba cha chui.

Nilisita. Katika Jumapili zetu zote mchezo haukuwahi kufika huko. Baba alikataa, alisema mbuzi haingii nyumbani kwa chui hata kama mwenye nyumba amekufa. Na kweli chui alikuwa amekufa, na Ba Mwewa alivaa tai nyeusi, na Baba alimwendea na kumpa pole kwa kufiwa na mjomba wake. Walicheka siku ile mpaka wakakaa chini. Nilipokumbuka hivyo nikaanza kulia, nikaingia huku nalia.

Mlango wa chuma ulikuwa umeachwa nafasi ya mtoto kupita. Ndani, kwenye pango la saruji alilokuwa analala mnyama, sanduku letu lilikuwa limewekwa wima. Nililifungua nikitegemea tusi. Ndani mlikuwa na kiazi kitamu kilichochemshwa, kimeumwa upande mmoja, na nikainua mkono nikitupe ukutani.

Kisha nikaona kilima.

Nilisogea kwenye mwanga. Kilima kidogo katikati ya alama za meno, mahali jino lilipokosekana. Nilikigusa kwa kidole. Kiazi kilikuwa bado na unyevu, hakijakauka, sisimizi walikuwa hawajakigundua. Mtu aliyechinjwa hawezi kuuma kiazi asubuhi ya leo. Wazo hilo liliingia polepole, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, na lilipofika ndani kabisa niliketi kwenye sakafu ya chui nikajikojolea. Sioni aibu kulisema. Mwili uliokuwa umefungwa siku zote zile ulifunguka wote kwa mara moja.

Nilipoinua macho, Ba Mwewa alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa vyuma, sijui tangu saa ngapi. Uso wake haukuwa na mzaha. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilimuuliza kwa sauti ndogo, "Iko muzima?"

"Muzima? Anakula kupita mbuzi ya kweli," akasema. "Viazi yangu yote iko inaisha."

Akanieleza. Asubuhi ile ya makala alikutana na Baba njiani, wanajeshi tayari wanaulizia nyumba ya fundi, akamgeuza hapo hapo. Nyuma ya kizimba kulikuwa na chumba walichokuwa wanakatia nyama ya wanyama, na chui alipokufa bendi iliomba kuweka ngoma zake humo. Ufunguo alikuwa nao yeye. Wanajeshi walipita mbali na mahali pale, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba chui amekufa. Karatasi aliogopa, kaporali anapekua. Kumwambia Mama aliogopa zaidi, kwani uso wa Mama unasema kila kitu. Basi akabaki na mtu mmoja anayejua kusoma kamba na chumvi, na alijua nitakuja, hata kama ni kwa kumchukia. Kiazi lilikuwa wazo la Baba.

Niliomba nimwone. Alikataa, mlango ule haufunguliwi mchana. Kisha akasogea karibu na vyuma.

"Wende umuambie mama yako alie," alisema. "Alie sana, bantu basikie. Mutu yenye bamesha kumulilia, basoda habamutafute tena."

Nikamwambia hata kama ni kuwadanganya wanajeshi, kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kifo. Hilo hata mtoto analijua.

"Kwa mungine njo mubaya. Kwa miye hapana," akasema. "Miye ni munungwe wake. Kifo yake iko ya miye kuchekea."

Nilichuma mboga ya lengalenga haraka haraka, nikafunika kiazi ndani ya kikapu, sanduku nikaliacha kwake. Getini kaporali akainua majani. Akakitoa kiazi, akakinusa. Alikuwa na njaa kama sisi sote, niliona koo lake likimeza mate. Akakigeuza, akaona kimeshaumwa na mtu, akadhani ni mabaki yangu, akakirudisha. Kingekuwa kizima angekila na habari zote za Baba zingeishia tumboni mwake.

Mama alikuwa jikoni, amekaa mbele ya jiko lisilo na moto. Nilimwekea kiazi mkononi. Alikitazama kama kitu cha kupika. Halafu kidole gumba chake kikafika kwenye kilima, kikasimama. Meno yale aliyajua kuliko mimi. Alikipeleka mdomoni kwa upande ule ule ulioumwa, akakila chote, na ganda lake, na mchanga uliokuwa kwenye ganda. Kilikuwa chakula chake cha kwanza tangu Baba aondoke. Nikamnong'oneza maneno ya Ba Mwewa.

"Nilie?" akauliza. "Na roho yangu iko inacheka?"

Mama alikuwa mtu wa kanisa, uongo haukumtoka kirahisi. Kisha akafungua kitambaa cha kichwa, akajifunga kitenge kiunoni, akatoka uani. Nilikuwa na wasiwasi kwamba hataweza. Jamani, niliwaza bure. Machozi yote aliyokuwa ameyazuia yalikuwa bado yapo, yalikuwa yanangoja ruhusa tu. Alipaza sauti moja, ikapanda, na majirani ambao kwa siku zote hizo walitupita kama hawatujui waliruka nyua zao na kuja. Godoro likatolewa sebuleni likatandikwa chini. Mwanamke mmoja akaleta unga. Wengine wakaanza kulia nami nikalia nao, na sitaki mtu aniulize kama nilikuwa nafanya mchezo, kwa sababu sijui.

Ba Mwewa akafika amevaa koti la Baba, lile alilotoka nalo, limejaa tope. Kilio kikaongezeka, maana watu walilitambua. Aliiga mwendo wa Baba, mikono imetanuka kama mtu mwenye grisi kwenye vidole. Alilalamika kwamba mbuzi huyu alikuwa mwembamba, hakuacha hata mchuzi. Kisha akajilaza kwenye geti, kiganja wazi, akasema hakuna atakayepita bila kulipia. Watu wa Luapula walicheka na kulia kwa pamoja, kama inavyotakiwa. Kaporali alisimama. Alitazama godoro, alitazama wanawake, alitazama lile koti. Akavua kofia. Alimwekea Ba Mwewa sigara kwenye kiganja, akamsogelea Mama, akasema maneno ya pole kwa lugha yake, akakohoa, akaondoka. Hakurudi tena, wala wenzake.

Siku zilizofuata tuliendelea kuomboleza, kwani hatukujua ni nani anatutazama. Mama alilia mchana na alikula vizuri jioni. Halafu asubuhi moja mji ulikuwa kimya, kisha ukawa na kelele za namna nyingine: wale wanajeshi wameondoka, na wengine wanaingia kwa miguu, wamevaa buti za mpira, vijana watupu, watu wamejaa barabarani wanawapungia matawi. Hatukujua wataleta nini. Tulijua tu kwamba hawa hawatafuti makanika.

Mchana huo Ba Mwewa aliingia getini, na nyuma yake Baba. Alikuwa na ndevu, ananuka chui na viazi, anafumba macho kwa sababu ya mwanga. Wanawake waliokuwa kwenye godoro walipiga kelele, mmoja akakimbilia chooni akajifungia. Aliyeleta unga aliuulizia unga wake. Mama aliinuka, akakaa tena. Baba akachuchumaa mbele yake. Mama akampiga kifuani kwa kiganja, si kwa nguvu, akampiga tena na tena, na Baba akakubali kupigwa. Kisha Mama akamgeukia Ba Mwewa, yule Monsieur wake wa miaka yote, akiwa bado ameshika shati la mume wake.

"Weye chui ya bure," akamwambia. "Umemukondesha mbuzi yangu."

Munungwe haruhusiwi kukasirika, na Ba Mwewa hakukasirika. Alifungua mdomo ajibu, mashavu yakajaa upepo. Akafunika uso kwa mkono wa lile koti la Baba na kulia mbele ya watu wote, mtu mzima, mpaka Mama mwenyewe akamletea kiti.

Nilimwendea Baba alipokuwa amekaa, nikakaa chini, nikashika suruali yake na kuegemeza kichwa kwenye mguu wake. Juu yangu watu walikuwa wanacheka, wanasimulia, wanaulizana, na katikati ya kelele zile nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu siku ya makala.

Nilipoamka kivuli kilikuwa kimehama, wageni wamekwenda, na Mama alikuwa anasonga bukari. Mguu ulikuwa bado uko chini ya kichwa changu. Baba alikuwa ameukunja vibaya, umekufa ganzi, jasho linamtoka, na Mama alinisimulia baadaye kwamba alimwomba mara nyingi anibebe akanilaze kitandani. Alikataa. Alisema mtoto huyu ameshaamka asubuhi nyingi bila kumkuta, na leo atamkuta.